Kijana Wako Anataka Kujifunza Kijapani Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Uganda

Nina karakana ndogo Ndeeba, hapa Kampala. Magari mengi yanayotoka Japani, ukitia ufunguo tu, yanaanza kusema: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Kwa miaka mingi mafundi wangu walikuwa wakiitikia "Marahaba" na kuendelea na kazi. Binti yangu, akiwa likizoni S.1 (kidato cha kwanza), ndiye aliyeuliza gari linasema nini, na hakukuwa na mtu mzima pale mwenye jibu. Kumbe lilikuwa linalalamika kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Hapo ndipo alipoanza. Sasa yuko S.4, na wazazi wenzangu wananiuliza maswali yaleyale, harusini, msibani na kwenye WhatsApp. Nimeona niyajibu mara moja.

Mimi sijui hata neno moja la Kijapani. Nitamsaidiaje?

Kufundisha si kazi yako. Kazi yako ni kumtengea muda, kumnunulia daftari na kalamu ya risasi, na kumwuliza. Mimi kila jioni ya likizo nilikuwa namwambia, "Haya mwanangu, nifundishe kitu kimoja." Akishindwa kunieleza, anajua mwenyewe kwamba pale pana shimo, wala sihitaji kumsahihisha.

Nyumbani kwetu ilianzia mlangoni. Mjapani akitoka nyumbani husema "itte kimasu", maana yake hasa ni "naenda, nakuja", kama wanavyoaga watu wetu wengi. Anayebaki hujibu "itte rasshai". Akirudi husema "tadaima", naye hupokewa kwa "okaeri". Maneno manne, kila siku, bila kitabu. Mama watoto alikataa mwezi mzima, akisema hawezi kuongea kama gari. Siku moja nilirudi nimechoka, nikamsikia jikoni akisema "okaeri" bila hata kugeuka.

Nasikia Kijapani ni kigumu mno. Mtoto wa hapa atakiweza?

Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani imekiweka Kijapani katika kundi gumu kuliko yote, saa 2,200 za darasani. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayetoka kwenye Kiingereza. Mtoto wako anatoka kwenye Kiswahili, na kama amekulia Kampala ana Luganda pia. Hapo mambo yanabadilika.

Tuanze na sauti. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi karibu zote zinaishia na irabu. Mpe Mswahili asome "wakarimashita" (nimeelewa), ataisoma vizuri mara ya kwanza. Panapotusumbua ni urefu. "Obasan" ni shangazi au mama wa makamo, "obāsan" ni bibi kizee. Ukikosea hapo utamzeesha mtu mbele za watu. "Kite" ni njoo, "kitte" ni stempu. Mswahili mtupu hapa atahangaika, lakini Mganda hapati shida, kwa sababu anajua kwamba "okusima" ni kuchimba na "okusiima" ni kuridhika, na kwamba "okuta" ni kuachilia na "okutta" ni kuua. Mwambie mtoto wako: zile herufi mbilimbili za Luganda ndizo hizihizi.

Pia kuna kupanda na kushuka kwa sauti. "Ame" ikianzia juu ni mvua, ikianzia chini ni peremende. Luganda nayo ni lugha ya toni, kwa hiyo sikio limeshazoea. Sisi wa Kiswahili tuna ugonjwa wa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema "saKUra". Mzuie mapema. Na mwambie "desu" husikika kama "des". Ile u ya mwisho haitamkwi kwa nguvu.

Sarufi ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kitenzi kinakaa mwisho, hilo ni geni kwetu: "Gakkō de hon o yomimashita" ni "Shuleni kitabu nilisoma." Lakini angalia kitenzi chenyewe kinavyojengwa. Taberu ni kula. Taberareru ni kuliwa. Tabesaseru ni kulisha. Tabesaserareru ni kulishwa. Mtoto anayejua -wa na -sha hahitaji somo refu la kutendwa na kutendeshwa. Anachobadilisha ni viambishi tu. Hata lile gari langu: "sarete" ndiyo -wa ya "haijaingizwa". Tena "gakkō ni ikimasu" ni "naenda shule-ni". Ni ile ile ni, imekaa palepale baada ya nomino. Ni sadfa tu, lugha hizi hazina undugu, lakini sadfa nzuri haiachwi barabarani.

Halafu ngeli. Mzungu akisikia kwamba Wajapani wana maneno tofauti ya kuhesabia vitu, anashika kichwa. Vitu virefu kama kalamu na chupa ni ippon, nihon, sanbon. Vitu bapa kama karatasi na mashati ni ichimai, nimai, sanmai. Watu ni hitori, futari, sannin. Mtoto aliyezoea mtu mmoja, kitu kimoja, mti mmoja, jiwe moja, hatashangaa kwamba kitu kinachohesabiwa kinabadilisha hesabu. Atauliza tu, "Ngeli zenyewe ziko ngapi?" Ni nyingi, lakini kumi hivi zinatosha kuanzia.

Ajifunze kupitia lugha gani, Kiswahili au Kiingereza?

Kwa Kiswahili, mnavyoweza. Vitabu vingi viko kwa Kiingereza na hatavikwepa, lakini kwenye kadi zake za kukariri maneno, upande wa pili aandike Kiswahili. Nilimkuta binti yangu akihangaika kukariri kwamba "nani" ni "what". Akiandika "nini", anacheka mara moja (nani ni nini!) na hasahau tena. Hivyohivyo "hana" ni ua, "saba" ni aina ya samaki, na "tako" ni pweza. Neno lao la dubu sitaliandika hapa kwa heshima ya mama watoto. Kijana wako atalikuta mwenyewe, na utamsikia akicheka chumbani.

Aanze na nini hasa?

Hiragana. Ni herufi 46 za msingi, na kila moja ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Aliyejifunza kusoma kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu ameshapita njia hiyo. Tano kwa siku, siku kumi zimekwisha, na siku nne zinazobaki katika wiki mbili ni za kurudia. Nunua daftari la hesabu lenye miraba. Kila herufi ikae ndani ya miraba minne. Mistari ya herufi ina mpangilio wake, kwa kawaida juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia. Aufuate tangu siku ya kwanza, maana mkono ukizoea vibaya kuuzoesha upya ni kazi.

Baada ya hapo katakana, nazo 46, zinazotumika kwa maneno na majina ya kigeni. Hapa aandike kilicho chake: ウガンダ ni U-ga-n-da, カンパラ ni Ka-n-pa-ra (l na r kwao ni sauti moja). Jirani yetu ana pacha, Wasswa na Kato. Kato aliandika jina lake akaambiwa mtandaoni kwamba Katō ni jina la ukoo la Kijapani, tena la watu wengi sana. Lao lina o ndefu, lake fupi. Mvulana alitembea mtaani wiki nzima kifua mbele.

Herufi zitakazomchanganya ni シ na ツ, kisha ン na ソ. Zinamchanganya kila mtu, asijione mjinga.

Jambo moja nakuomba uwe mkali: Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu kiishe baada ya wiki mbili hizo. Anayekitegemea hicho baada ya mwaka mzima bado hawezi kusoma kibao cha dukani.

Na zile kanji, alama zinazobeba maana ya neno? Nasikia ni maelfu.

Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Lakini mtoto wa Kijapani mwenyewe hufundishwa 1,026 tu katika miaka sita yote ya shule ya msingi, na anaishi humohumo. Kijana wako akimaliza mwaka na mia moja, mshukuru Mungu.

Aanze na zenye picha ndani. 木 ni mti. Miwili, 林, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, ni msitu. Kisha atafute zilizo mtaani, na hapa Kampala ni kama tunaishi ndani ya kamusi. Kwenye taksi nyingi bado kumebandikwa 自動ドア, mlango unaojifungua wenyewe, hata kama leo unafunguliwa na kondakta kwa teke. 非常口 ni mlango wa dharura. Kwangu karakana, taa zilizochomolewa kwenye magari kule Japani hufika zimeandikwa kwa kalamu nene 右 au 左, kulia au kushoto. Mafundi walikuwa wakizijaribu mojamoja kwenye gari. Sasa wanasoma, na mmoja ananisumbua nimwongezee mshahara kwa kuwa eti anajua Kijapani.

Mtoto wangu yuko bweni na simu haziruhusiwi. Si atasahau yote?

Hili ndilo swali la wazazi wengi, na jibu lake ni karatasi. Nunua manila, kata kadi ndogo za ukubwa wa kiberiti. Mbele Kijapani, nyuma Kiswahili. Mpe bahasha tatu. Ya kwanza anaisoma kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu Jumapili. Kadi akiipata inahamia bahasha inayofuata; akiikosa inarudi ya kwanza, hata kama ilikuwa imefika ya tatu. Dakika kumi kabla ya kulala zinatosha.

Siku ya kutembelewa nilikuwa nampelekea kadi mpya arobaini pamoja na kabalagala, karanga na sabuni. Mara ya kwanza matroni alizikuta chini ya godoro, akaziona zile alama, akamwita mwalimu wa zamu: mtoto ana hirizi. Nilipigiwa simu saa tatu usiku. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, andika barua mapema, eleza kadi ni za nini, na ubandike mfano mmoja wenye tafsiri.

Muhula ni wa kutunza, likizo ndiyo ya kusonga mbele. Usimtarajie aongeze sarufi mpya katikati ya mitihani ya shule.

Anaangalia anime, zile katuni za Kijapani, usiku kucha. Hiyo si inatosha?

Inasaidia sikio, na inasaidia hamu, ambayo ndiyo mafuta ya gari. Ila lugha ya humo mara nyingi ni ya wababe. Shujaa hujiita "ore" na kumwita adui "omae" au "kisama". Kijana wako akimwita mwalimu "omae" ni sawa na kumwambia mzee wa watu "We!" mbele ya wageni. Mweleze kwamba Kijapani kina ngazi za heshima, na hilo mtoto aliyefundishwa shikamoo, au aliyeona watoto wa Kiganda wakipiga magoti kusalimia, ataelewa haraka kuliko anavyoelewa kanuni. Aanze na lugha ya adabu, ile yenye -masu na -desu. Ya vijiweni itakuja yenyewe. Jina la mwenzake aliongezee -san. Lake mwenyewe kamwe.

Ushauri wa ziada: achague kipande cha dakika mbili, akisikilize mara kumi bila maandishi ya chini, kisha akiseme pamoja nao.

Vifaa vya bure viko wapi, na bando litaisha?

NHK World-Japan, huduma ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, ina idhaa ya Kiswahili, na ina masomo ya Kijapani kwa Kiswahili yenye sauti na maandishi. Anzeni hapo. Japan Foundation ina jukwaa la bure la kozi za mtandaoni liitwalo Minato. Anki ni programu ya kadi, bure kwenye Android, lakini kwenye iPhone inalipiwa.

Kuhusu bando, intaneti yetu imebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo usimwache asome akiwa hewani kila siku. Jumamosi moja apakue sauti za mwezi mzima. Sauti ni nyepesi, video ndiyo inayokula. Na umeme ukikatika, daftari la miraba halihitaji chaji.

Ataharibu masomo ya shule?

Dakika thelathini kwa siku wakati wa likizo hazijawahi kumfelisha mtu. Muhula wa UCE, mtihani wa taifa wa S.4, apunguze hadi kadi tu. Nilichokiona mimi ni kwamba Kiswahili chake cha shule kimepanda. Alikuwa anavikariri viambishi vya kauli ya kutendeka bila kuelewa. Alipoviona upande wa pili ndipo akili ikafunguka.

Nitafute mwalimu wa kulipwa?

Si mwaka wa kwanza. Hiragana, katakana na maneno mia tatu hayahitaji mwalimu. Akifika kwenye mazungumzo, hapo mwalimu ana faida. Mpime kwa jambo moja: katika saa ya kwanza, mtoto ameongea kiasi gani? Niliwahi kumlipa mmoja aliyezungumza mwenyewe dakika hamsini na tano.

Atapata wapi mtu wa kuongea naye?

Mtandaoni, ukiwa karibu. Vijana wengi wa Kijapani wanatafuta wa kubadilishana nao lugha. Kanuni zetu ni sebuleni, spika wazi, na hakuna kutuma picha wala anwani.

Saa hazitawasumbua, na hili nimelipenda kuliko yote. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Hapa ikiwa saa mbili asubuhi, kwao ni saa nane mchana kwa hesabu yetu, lakini wao wataiita niji, yaani saa mbili ya mchana wao. Saa yetu ya Kiswahili inatofautiana na ya Kizungu kwa saa sita zilezile! Kwa hiyo namba tunayoitaja sisi ndiyo namba iliyo kwenye saa ya ukutani Tokyo. Tukisema saa nne asubuhi, kwao ni yoji. Mwambie mwanao asihesabu, ataje tu.

Na pesa ni mazoezi mazuri. Wajapani wana neno moja la elfu kumi, "man". Nauli ya boda 3,000 ni sanzen, kilo za nyama za 50,000 ni goman. Mtume sokoni arudi na hesabu kwa Kijapani.

Kuna mtihani wa kupima alipofika?

Upo, JLPT, wenye ngazi tano kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu. Ni wa kuchagua majibu, hauna kuongea wala kuandika insha. N5 ina alama 180, na kufaulu ni 80, ila lazima apate angalau 19 kati ya 60 za kusikiliza, na 38 kati ya 120 za sehemu nyingine. Maana yake mtoto wa vitabu tu asiyesikiliza anaweza kuanguka.

Nairobi huwa na kituo, mwezi Desemba, wakati UCE imeshapita. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo hakikisheni tarehe na hati za kusafiria za mtoto mapema. Usiku mmoja wa basi kupitia Busia au Malaba, halafu mtihani kesho yake? Hapana. Mpeleke siku mbili kabla alale.

Kuna mtu ameniahidi kumpeleka mwanangu Japani nikilipa. Nimwamini?

Mimi nililipa. Sikupata hata risiti, na ofisi niliyoingia Jumatatu, Ijumaa ilikuwa inauza viatu.

Ufadhili wa serikali ya Japani, maarufu kama MEXT, hupitia ubalozi wao hapa Kampala, na fomu zake hazilipiwi. Kwa shahada ya kwanza mwanafunzi huanza na mwaka mmoja wa maandalizi, ikiwemo lugha, kwa hiyo si lazima awe bingwa kabla ya kuondoka. Kinachoangaliwa sana ni masomo yake, hesabu na Kiingereza vikiwemo. Anayekuomba pesa ili "akuwekee jina mbele" muulize jina la afisa wa ubalozi aliyemtuma, halafu mtazame macho.

Amechoka, anataka kuacha. Nimlazimishe?

Mwache wiki mbili. Binti yangu aliacha mara tatu. Mara ya kwanza alirudi kwa sababu ya wimbo, mara ya pili kwa sababu ya yule Kato wa jirani aliyekuwa anamkaribia. Mara ya tatu sijui kilichomrudisha. Nilikuta tu kadi zimetoka kwenye bahasha zikiwa mezani, na kikombe cha chai kimeachwa juu yake.

Na ile sauti ya gari, si mnaweza kuizima?

Tunaweza. Kile kisomeo cha kadi mara nyingi kiko chini ya dashibodi au ndani ya sanduku la glovu. Fundi anakichomoa dakika tano. Wateja wangu wengi wanaomba kichomolewe. La gari letu bado lipo. Asubuhi likisema lake, binti yangu analijibu "wakatta, wakatta", nimeelewa, nimeelewa, na anafunga mkanda.